Naamani alikasirikia nini? Tujadili utii na unyenyekevu mbele za Mungu

Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu. Naomba tujadili kwa utulivu jambo linalohubiriwa karibu kila Jumapili lakini huchambuliwa kwa nadra, nalo ni namna Mkristo anavyojifunza kumtii Mungu, na kwa nini somo hilo haliendi mbele bila unyenyekevu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5 mstari wa 8, unasema kwamba Yesu, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Ikiwa Mwana alijifunza, basi sisi tunaodhani kwamba utii ulikuja wenyewe siku tulipobatizwa au siku tulipookoka tuna sababu ya kujikagua upya.

Nitaanza na Naamani, kwa kuwa sijaona mahali pengine katika Maandiko ambapo kiburi cha mtu mwenye nia njema kimeanikwa hatua kwa hatua kama katika sura ya 5 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Huyu alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa mbele ya bwana wake, shujaa, tena mwenye ukoma. Habari kwamba kuna nabii Samaria aliipata kwa mtu asiye na cheo chochote nyumbani mwake: binti mdogo aliyetekwa katika nchi ya Israeli, akawa mtumishi wa mkewe. Angalieni alivyoitumia habari hiyo. Alikwenda kwanza kwa mfalme wake, akapewa barua ya kumpelekea mfalme wa Israeli, akafunga safari akiwa na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mivao 10. Binti alitaja nabii. Naamani akaenda ikulu. Mtu wa cheo huona taabu kuamini kwamba msaada wake unaweza kutoka mahali pasipo na walinzi mlangoni.

Alipofika nyumbani kwa Elisha na farasi na magari yake, nabii hakutoka hata kumsalimia. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge katika Yordani mara saba. Hapo jemadari akakasirika, na maneno yake yanastahili kusomwa polepole: alikuwa amekwisha kupanga moyoni jinsi nabii atakavyotoka, atakavyosimama, atakavyoliitia jina la Bwana, Mungu wake, na kupitisha mkono mahali penye ugonjwa. Kisha akauliza kama Abana na Farpari, mito ya Dameski, si bora kuliko maji yote ya Israeli. Ugumu wa agizo haukuwa tatizo lake kabisa. Agizo lilikuwa jepesi mno, na wepesi huo ndio uliomdhalilisha, kwa kuwa Yordani ulikuwa mto ambao angeweza kuoga mtu yeyote, mwenye farasi na asiye nao. Watumishi wake walilitambua hilo kabla yake, wakamwuliza kwa upole: kama nabii angalikuambia kutenda jambo kubwa, je, usingalilitenda?

Swali hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Wengi wetu tuko tayari kwa jambo kubwa. Tutafunga siku 40, tutapanda mlima wa maombi, tutakesha Ijumaa hadi alfajiri, tutaahidi mabati ya paa zima la kanisa mbele ya mgeni rasmi wa harambee. Lakini likija agizo dogo la kumwomba radhi shemeji ambaye hatujasalimiana naye tangu msiba wa mzee, au kurudisha salio la michango ya harusi lililobaki mikononi mwetu kwa kuwa hakuna aliyeuliza, hilo tunasema bado tunaliombea mwongozo. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Naamani aliinama mara saba, mbele ya macho ya watu aliozoea kuwaamuru.

Kinyume chake ni Sauli, mfalme wa Israeli, katika 1 Samweli 15, aliyeamriwa kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao. Sauli hakukaidi waziwazi. Alikwenda vitani, akashinda, ila akamwacha hai Agagi, mfalme wao, na kuwabakiza kondoo na ng'ombe walionona, na alipoulizwa akasema mifugo ile ilikuwa ya kumchinjia Bwana dhabihu. Jibu la nabii Samweli, kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, tumelikariri tangu shule ya Jumapili. Mambo mawili ya pembeni hatuyasomi sana. Katika mstari wa 12, kabla hata ya kukutana na nabii, Sauli alikuwa amekwisha kujisimamishia ukumbusho kule Karmeli. Na katika mstari wa 30, akiwa amekwisha kukiri kwamba ametenda dhambi, anamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Toba yake ilikuwa na sharti: heshima yangu isiguswe. (Najua sura hiyo ina swali zito kuhusu amri ya kuwaangamiza Waamaleki. Linastahili uzi wake, wala sitaki kulidharau kwa kulijibu kwa sentensi moja.)

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba tunajifunza utii mahali ambapo agizo la Mungu linagusa cheo chetu, na kwamba mahali pengine popote tunaweza kujidanganya kwa miaka mingi. Karibuni.

Mshika Jembe

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na sina ugomvi na Naamani wako. Ila umeliruka shimo lililo katikati ya njia. Katika makanisa yetu mengi, utii huhubiriwa kwa sauti kubwa zaidi na wale wanaofaidika nao. Muumini akiuliza mapato na matumizi anaambiwa ana roho ya Kora, yule aliyemwasi Musa. Akihoji unabii ambao haukutimia anasomewa Zaburi ya 105, "msiguse masihi wangu", kana kwamba zaburi ile iliandikwa kumlinda mchungaji dhidi ya mhasibu. Akihama anaambiwa ametoka chini ya kifuniko, yaani ulinzi wa kiroho wa mchungaji, na kwamba mabaya yatamfuata.

Tena tusijifanye kwamba haya ni mambo ya kuchekesha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi, ambao hawakuamua lolote. Watu wale hawakuwa wakaidi. Waliuza mali, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shuleni, wakaingia msituni kwa sababu waliambiwa kwamba kutii ndiko huko. Kwa kipimo chako cha kuumiza heshima na kuacha cheo, wao walifaulu kuliko sisi sote humu jukwaani. Sasa niambie mpaka uko wapi, kwa sababu mahubiri ya unyenyekevu yasiyo na mpaka ni hatari kwa watu wanyofu, na wenye kiburi hawayasikilizi hata hivyo.

Mwana wa Ruvuma

Nachangia kwa upande wa Kanisa Katoliki, kwa kuwa nimekulia karibu na Peramiho, ambako watawa Wabenediktini walifika mwaka 1898, na utii ni mojawapo ya nadhiri wanazoweka. Wengi hudhani kwamba nadhiri hiyo ni kumpa abate, mkuu wa monasteri, hundi iliyotiwa saini ili aandike kiasi anachotaka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, haiko hivyo.

Ni kweli kwamba sura ya 5 inadai utii wa haraka usio na manung'uniko, na sura ya 7 inapanga ngazi 12 za unyenyekevu ambazo mtu wa leo akizisoma atapata kizunguzungu. Lakini kabla ya hizo, sura ya 2 imemfunga abate kwanza: asifundishe wala kuamuru lolote lililo kinyume cha amri ya Bwana, na ajue kwamba siku ya hukumu atatoa hesabu ya mafundisho yake na ya utii wa wanafunzi wake pia. Sura ya 3 inamwagiza aiite jumuiya nzima kila panapokuwa na jambo zito, akieleza kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Mleta mada ataona kwamba binti wa nyumbani kwa Naamani amepewa kiti katika baraza.

Sura ninayoipenda zaidi ni ya 68, inayohusu ndugu aliyeamriwa jambo lisilowezekana. Kwanza alipokee agizo kwa upole. Akiona uzito wake unapita kabisa nguvu zake, amweleze mkubwa wake sababu, kwa uvumilivu na kwa wakati unaofaa, bila kiburi wala ubishi. Mkubwa akishikilia agizo, ndugu atii akitumaini msaada wa Mungu. Huko kueleza kumo ndani ya utii wenyewe. Aliyeeleza hahesabiwi kuwa muasi. Mkijumlisha na sura ya 2, mtaona kwamba agizo la kumwua mtoto kwa njaa halifiki hata kwenye mjadala, kwa kuwa limeanguka mlangoni.

Kuna mambo mengine madogo ambayo yananivutia kuliko ngazi zote 12. Sura ya 35 inaagiza ndugu wote wapeane zamu za jikoni kwa juma, na Jumamosi anayemaliza zamu afue taulo walizojifutia ndugu mikono na miguu, kisha yeye pamoja na anayeingia wawaoshe wote miguu. Vyombo virudishwe vikiwa safi na vizima. Na sura ya 57 inasema hivi kuhusu mafundi: fundi akianza kujivuna kwa sababu kazi yake inaiingizia monasteri faida, aondolewe katika ufundi huo, asiurudie mpaka awe amejinyenyekeza na abate amemruhusu upya. Fikirieni sheria hiyo ikiletwa kwa mpiga kinanda wa kwaya yenu, yule ambaye asipokuja Jumapili ibada nzima huyumba, naye analijua hilo.

Mama Ibada

Nitasema kwa ufupi. Tumekuwa na semina ya siku tatu kuhusu unyenyekevu katika usharika wetu, na akina mama tuliisikiliza kutokea jikoni, kwa sababu wali wa watu wote ulikuwa juu ya mafiga na mwalimu alikuwa hodari lakini spika zilielekezwa ukumbini. Waliokuwa wakifundishwa kujishusha walikuwa wameketi wakingoja kunawishwa mikono.

Sisemi hili kwa uchungu. Nasema kwa sababu Waefeso 5:22, inayowaambia wake wawatii waume zao, kila mwanamke aliyeolewa anaijua kwa moyo, ila mstari wa 21, unaowaambia waumini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo, umekuwa kama haukuchapishwa. Kama utii ni shule, basi tuketi darasa moja. Yesu alipovua vazi lake na kujifunga kitambaa katika Yohana 13, mwenye cheo ndiye aliyeshika beseni. Na aliyekataa kuoshwa alikuwa Petro, ambaye kukataa kwake kulionekana kama heshima na kumbe kulikuwa kukaidi kwa adabu.

Mleta mada

Nawashukuru wote watatu, na nianze na Mshika Jembe kwa sababu ametaka mpaka. Mpaka wa kwanza uko ndani ya hadithi ileile ya Naamani, katika sehemu ambayo wahubiri wanaowauzia waumini baraka kwa sadaka ya "mbegu" na mafuta ya upako hawaifikii. Naamani aliporudi akiwa mzima, alimsihi Elisha apokee zawadi, na nabii akaapa kwamba hatapokea kitu. Aliyetoa agizo hakupata hata shilingi kwa agizo lake. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyelikimbilia gari, akatunga uongo kuhusu wageni wawili, akarudi na talanta 2 za fedha na mivao 2, na ukoma wa Naamani ukamwangukia yeye. Kwa hiyo anayeniamuru kwa jina la Mungu nina haki ya kumwangalia mikono. Petro anawaambia wazee katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, walichunge kundi bila kutaka fedha ya aibu na bila kujifanya mabwana, na ni baada ya kuwafunga wao ndipo anawageukia vijana na kuwaambia watii. Utaratibu ni uleule ambao Mwana wa Ruvuma ameuonyesha kwa Benedikto: kamba inaanzia shingoni mwa mkubwa.

Hata hivyo sikubali kwamba watu wa Shakahola walifaulu mtihani ninaouzungumzia. Waliporwa. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la Mungu alichukua nafasi ya Mungu, na watoto wao hawakuwa na mtu wa kuwaeleza sababu zao. Utii ninaoutetea unabaki na masikio. Unaweza kusikia agizo, ukalipima kwa Maandiko na kwa ndugu wengine, ukasema hapana kama Petro na mitume mbele ya baraza katika Matendo 5:29, ukawa tayari kuilipia hapana hiyo wewe mwenyewe bila kumlipisha mwingine.

Na hapa tuna mfano wa kwetu, Afrika Mashariki, ambao nadhani haujafundishwa vya kutosha. Uamsho ulioanza kushika moto baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ukapitia Gahini nchini Rwanda na Kigezi nchini Uganda, ukafika Bukoba, Kenya na kwingineko, ulijengwa juu ya jambo linalouma kuliko mfungo: kutembea nuruni. Watu walisimama mbele ya ndugu wakataja kosa kwa jina lake. Walirudisha walivyoiba, wengine wakienda kwa mwajiri na kitu mkononi, bila kujua watapokewaje. Wamisionari Waingereza waliwaomba radhi Waafrika kwa dharau yao, katika zama ambazo afisa wa kikoloni angeona jambo hilo kuwa fedheha. Wimbo wa Tukutendereza, ambao leo tunauimba tukipiga makofi, ulikuwa ukiimbwa pale mtu alipomaliza kuungama.

Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, nchini Uganda, wanafunzi 26 wa uamsho walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kusali pamoja, tena wakihubiri waziwazi juu ya dhambi walizoziona chuoni. Mkuu wa chuo akapiga marufuku, wao wakakataa kuacha. Je, walikuwa watiifu au wakaidi? Nimelifikiria swali hili mara nyingi, na jibu langu silipati katika siku ya kufukuzwa bali katika miaka iliyofuata. Wangeweza kuanzisha kanisa lao, na wafuasi wasingekosekana. Walokole, kama watu wa uamsho walivyoitwa, kwa ujumla walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana lililowafukuza. Nagenda alizunguka nchi nyingi akihubiri, akabaki mlei, hakuwekewa mikono ya ukasisi ambao ndio uliompeleka Mukono. Walikataa agizo, wakaipokea adhabu. Sisi leo tukinyimwa maikrofoni Jumapili mbili tunakodi ukumbi na kuchapisha bango.

Siwafanyi kuwa malaika. Walikuwa wepesi wa kuzitaja dhambi za wenzao, na naelewa kwa nini maprofesa wao walichoka. Unyenyekevu wa kuungama una hatari yake pia, kwa kuwa mtu anaweza kuanza kujivunia ubora wa maungamo yake.

Mwana wa Ruvuma, sura yako ya 68 imenirudisha Gethsemane. Huwa tunamsifu Bwana kwa kusema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", tukayaruka maneno yaliyotangulia, kwamba ikiwezekana kikombe kile kiondolewe. Mathayo anasema aliomba hivyo mara tatu. Alieleza ugumu wake kwa Baba, waziwazi, kwa jasho, na hakuna anayethubutu kusema kwamba alipungukiwa utii kwa kueleza. Mlinganisheni na nabii Yona, ambaye mara ya kwanza aliukimbia wito kwa merikebu kutoka Yafa, na mara ya pili akaenda Ninawi bila neno, akahubiri kama alivyoagizwa, mji ukatubu, naye akakasirika hata akataka kufa. Miguu yake ilitii. Moyo wake ulibaki Yafa ukingoja merikebu. Ndiyo maana mtumishi anayesema ndiyo kwa kila kitu hanipi faraja sana. Ningependa kwanza kumsikia akilia mbele za Mungu juu ya jambo analoagizwa.

Mama Ibada, kuhusu Petro sina la kuongeza. Nimekuelewa, na la spika nitalipeleka kwenye kikao cha wazee katika usharika wetu, kwa sababu mafiga yetu nayo yako nyuma ya ukumbi.

Mshika Jembe

Nakubali habari ya Mukono, na nakubali la Elisha kukataa fedha, ambalo sikuwahi kuliunganisha na Gehazi namna hiyo. Bado nina shaka moja. Wale 26 walikuwa wasomi wa theolojia, wakiwa pamoja, wenye Biblia mkononi na marafiki nje ya chuo. Muumini wangu wa kijijini, anayesoma kwa taabu na ambaye mchungaji ndiye aliyemzika mumewe na kumlipia mtoto ada, atawezaje kulipima agizo peke yake? Ukimwambia aseme hapana na kuilipia, umempa mzigo ambao Nagenda aliubeba akiwa na wenzake 25.

Kwa hiyo mimi ningeanza na wazee wa kanisa kabla ya kumfundisha yeye kuinama. Hesabu zisomwe kanisani kila robo mwaka, na asomaye awe mtu ambaye mchungaji hawezi kumwondoa peke yake. Anayetangaza mfungo aseme wazi kwamba wagonjwa, wajawazito na watoto hawafungi. Mchungaji awe na mtu anayeungama kwake, na waumini wamjue mtu huyo ni nani hata kama hawatajua yanayosemwa. Baada ya hapo nitakaa mstari wa mbele nisikilize somo la Yordani, na nitakwenda kwa shemeji.